Njia Isiyo na pa Kupishana

Jumatatu, 3 Desemba 1906

Njia imekwisha! Bwana Mwavuli ameitembea leo mara ya kwanza, kutoka gatini mpaka kwenye matete, kisha akarudi. Ndivyo watu wa Itungi wanavyomwita mkuu wetu wa boma, maana haachi mwavuli, jua liwake au mvua inyeshe. Mimi nyuma yake. Ni karani wake na mkalimani wake, basi mahali pangu ni nyuma yake.

Inapendeza, nisiseme uongo. Upande mmoja ziwa, na ukingo wa mawe mrefu kuliko mtu. Upande wa pili ua wa mnyaa, ng'ombe wasiingie. Katikati mchanga, umepigwa mpaka umelainika. Kando ya maji wamepanda mivinje, bado midogo, imeletwa kutoka pwani. Nimesimama nikaunusa mmoja kama mjinga. Kwetu Tanga umenijia ghafla, nikaona uchungu, nikaendelea kutembea.

Benchi ni moja tu, la kijani, mbele ya ngazi za kushukia majini. Pasipo ngazi hizo hushuki wala hupandi. Na huko kwenye matete mamba wapo, kila mtu anajua.

Bwana anaiita Promenade. Akaniamuru niwafahamishe watu. Nikawaambia: ni njia ya kutembea. Wakauliza inakwenda wapi. Nikasema haiendi popote. Mtu anafika mwisho, anatazama maji na ndege na milima ya Wakinga, anarudi kwake. Wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kwa upole Bwana amepoteza nini, wamsaidie kutafuta.

Jumapili, 9 Desemba

Amri mpya: kila Jumapili baada ya sala, wafanyakazi wote wa boma watembee Promenade na wake zao. Nguo safi. Kupumzisha roho.

Wamekuja. Wanaume na majembe begani, wanawake na vikapu vitupu kichwani! Bwana akakasirika: majembe ya nini siku ya mapumziko? Nikauliza, nikajibiwa kwamba mtu anayetembea mikono mitupu, tena haendi popote, watu watamdhania mwizi. Nikatafsiri. Bwana akaandika kitu kwenye kitabu chake kidogo. Hupenda sana kuandika mambo ya watu.

Njia sasa ina mlinzi wake: Nsajigwa, baba yake Aliko mtunza bustani. Mzee mrefu, mkimya. Hakuomba kazi, ila kazi ya Bwana haikataliwi. Amepewa kofia nyekundu. Nimemwona ameinama ngazini anaitazama kofia majini.

Saa ya alasiri likaonekana wingu jeusi juu ya ziwa, limesimama kama moshi. Bwana akafurahi, stima! Akatoa leso akaipunga. Si stima. Kungu — wale wadudu wadogo wa ziwani, maelfu kwa maelfu. Wakatufunika. Bwana kapiga chafya mpaka machozi, mwavuli haukusaidia kitu. Wanawake nao wakawa wanacheka na kukimbia huku na huku na vikapu vyao, wanawazoa. Jioni kijiji kizima kinanuka mikate ya kungu. Nimeonja. Si mbaya, ila ina chumvi.

Basi vikapu havikuwa vitupu bure.

Jumatano, 12 Desemba

Bwana analalamika juu ya mlinzi wake: anakohoa. Kweli anakohoa. Mtu akitokea tu kwa mbali, hasa akiwa mwanamke — kho! kho! kho! — mpaka ndege wa majini wanaruka kwenye mawe. Bwana anaogopa ugonjwa wa kifua. Ametoa chupa ya dawa, nyeusi, mimi nikaipeleka.

Mzee akanywa, akakunja uso, akasema, "Ndaga." Asante. Halafu mwanamke akatokea huko gatini, mzee akakohoa vilevile.

Nikamwuliza, "Mzee, unaumwa?"

Akacheka. "Kifua changu kizima, Karani. Nina mkwe."

Akanieleza, nami naandika nisisahau, maana kwetu pwani hakuna jambo hili. Huku mke wa mtu hamtazami baba wa mumewe, wala baba hamtazami yeye. Maisha yote! Mwanamke hata jina la baba huyo halitaji, wala neno linalofanana na jina hilo. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke hutoka njiani, huingia majanini, hujifunika, baba apite. Wanaita ukutila. Kwa ajili hiyo vijana hujenga kijiji chao mbali na cha baba zao. Mzee anakohoa ili mkwe wake apate nafasi ya kutoka njiani.

Mkwe wake ni Atuganile, mke wa Aliko. Mkisi, mfinyanzi, vyungu vyake vinafika mpaka Ipinda. Wanawake wote wa kijiji cha vijana sasa wanachota maji kwenye ngazi hizi, hakuna nyingine.

"Basi hapa atanipisha wapi?" mzee akaniuliza.

Nikatazama. Huku maji. Huku mnyaa. Nikamwambia hilo si langu, mimi mdomo tu wa kukodi. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema jambo la maana.

Nilipomrudishia Bwana chupa, akaamuru: ni marufuku kukohoa kwenye Promenade. Inawaudhi watembezi. Nikatafsiri.

Jumapili, 16 Desemba

Siku mbaya. Watu wanatembea, mvua ya rasharasha, ziwa kijivu. Leo bila majembe. Aliko mbele, mkewe nyuma, tumbo lake limeshatokeza. Mzee alikuwa ameshuka ngazini kunawa miguu. Akapanda. Hakukohoa — amekatazwa! Wakawa uso kwa uso, hatua mbili tatu.

Atuganile akajitupa kwenye mnyaa. Kichwa kwanza! Matawi yakakatika, utomvu mweupe ukamwingia machoni. Sijasikia mtu akilia vile. Mzee amegeuka kulitazama ziwa, kofia ameishusha mpaka puani. Hakuthubutu hata kuuliza.

Mama mkwe wa Atuganile, Angetile, akaja mbio na kibuyu cha maziwa, akamwosha macho palepale mchangani, huku akimsemesha Kinyakyusa cha upole ambacho sikukishika chote. Bwana akauliza kuna nini. Nikasema mwanamke ameanguka. Akasema njia ni laini, vipi mtu ataanguka?

Jumanne, 18 Desemba

Macho ya Atuganile hayajafunguka bado, lakini Angetile anasema yatapona.

Aliko amekuja bomani mwenyewe, kanzu safi, kumwomba Bwana mlango ukatwe katika ua wa mnyaa, mdogo tu, upana wa mtu mmoja. Ombi jepesi. Angeweza kulipata.

Bwana akauliza, wa nini?

Aliko kajifunza Kiswahili hapahapa bomani. Akatafuta neno. Kwao ukutila maana yake ni kuogopa. Hawana neno jingine. Akasema, "Mke wangu anamwogopa baba."

Nikatafsiri hivyohivyo. Anamwogopa baba mkwe wake.

Bwana akaweka kalamu chini. "Kwa nini? Amemfanya nini?"

"Hajamfanya kitu. Anamwogopa tu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya ndoa. Akimsikia anajificha. Hata jina lake hawezi kulitaja."

Kila alivyoeleza, uso wa Bwana ukazidi kuwa mwekundu. Nikaona mambo yanakokwenda, nikasema kwa Kijerumani, ni desturi yao, Bwana. Akajibu, "Najua hizo desturi!" Halafu akasema hatakata ua wake kwa sababu ya mzee mmoja katili. Atachunguza.

Aliko ananitazama, anangoja. Nikamwambia Bwana atafikiri. Akasema, "Ndaga fijo," akaenda zake amefurahi.

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Bwana ameketi benchini peke yake, ameimba. Sauti nzuri, hata mimi nimeshangaa. Furukombe juu ya gati akamjibu. Mvua. Viatu vyangu vimeota ukungu.

Jumatatu, 14 Januari 1907

Shauri limesikilizwa leo. Chumba cha Bwana, bendera, mimi katikati. Ameletwa Atuganile kwanza. Macho yamepona, yana wekundu kidogo. Mwanamke mdogo, mikono mipana, udongo chini ya kucha.

Bwana kwa sauti ya upole kabisa: asiogope, serikali itamlinda. Ataje tu jina la yule anayemwogopa.

Ah! Jina ndilo asiloweza kulitaja. Nsajigwa kwao maana yake ni aliyebarikiwa. Angetile aliniambia kwamba hata kanisani, wakifika kwenye neno la kubariki, Atuganile hufunga mdomo mpaka lipite. Nikatafsiri swali. Akatazama chini. Nikatafsiri tena. Kimya. Bwana akageuka kwangu: "Unaona? Ametishwa mpaka ulimi umekufa."

Akaamuru mzee aingizwe.

Mlango ni mmoja. Atuganile akasikia hatua, tena kikohozi kimoja kidogo, cha kuiba — akatoka dirishani! Na tumbo lake vile vile! Dirisha la boma si refu, Mungu ametusaidia. Mzee alipoingia akakuta mimi na Bwana tunatazama dirisha.

Nilifikiri Bwana atamtia mzee ndani. Afadhali angemtia ndani. Bwana ni mtu mwema, hilo ndilo balaa. Akatembea huku na huku, akasimama, akatoa shauri lake: hatamwadhibu mzee. Atawapatanisha. Tarehe 27 ni siku ya kuzaliwa Kaisari. Wageni watakuja kwa stima. Siku hiyo mbele ya watu wote mzee ataketi benchini, mkwe atamjia, watapeana mikono, wataketi pamoja, na Bwana atawapiga picha kwa sanduku lake. Iwe kumbukumbu. Asipofika mwanamke, mumewe atapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano.

Nikamtafsiria mzee. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kupeana mikono ni nini?" Si kwamba hajui. Alitaka nirudie, huenda nimekosea.

Sikukosea.

Jumapili, 20 Januari

Nimetembea Promenade mwenyewe asubuhi, bila kuamriwa. Ziwa limetulia. Mdiria anaganda hewani, anatumbukia, anatoka na kidagaa. Milima ya Wakinga imeoshwa na mvua, unaona maporomoko ya maji kama nyuzi. Mchanga umeingia viatuni. Ningekuwa na mke ningemleta hapa. Wazo la ajabu, limepita.

Mwisho wa njia, nje ya ua, Atuganile anafinyanga. Wakisi hawana gurudumu. Chungu kinazungushwa mkononi, ndani kipande cha kibuyu, nje kiganja. Nikasimama upande wangu wa mnyaa, yeye upande wake.

"Ugonile," nikamsalimu kwa lugha yao.

"Ndaga, Karani." Hakuacha kazi. Baadaye akauliza, "Yule Bwana wenu, kwao hawana wakwe?"

Nikasema wanao, wanakula nao meza moja. Akacheka mpaka chungu kikapinda. Akakinyoosha.

Halafu akanieleza, kwa sauti ileile ya kusimulia habari ya mvua. Mimba hii ni ya pili. Ya kwanza alikwenda nayo mazikoni, watu wengi, akasukumwa, akauona mgongo wa baba. Mgongo tu. Mwezi uleule mimba ikatoka. "Sasa Bwana anataka nimshike mkono."

Nikataka kusema huo ni upuuzi, mimba hutoka kwa sababu nyingi. Nimesoma shule, najua. Lakini nikamwuliza, usipokwenda?

"Nisipokwenda watampiga Aliko. Nikienda..." Akaweka kiganja juu ya tumbo, kikaacha alama ya udongo kwenye nguo. "Wewe umezoea kusema maneno ya watu wawili. Ukiwa mimi utasema nini?"

Nikamsifia chungu chake. Nimerudi nyumbani nimejichukia, jambo ambalo si desturi yangu.

Jumamosi, 26 Januari

Vigwe vimefungwa kwenye mivinje yote. Wafungwa wanafagia mchanga. Nguo nyeupe ya meza imepigwa pasi, Bwana mwenyewe amesimamia.

Nimejaribu. Nimengoja anywe kahawa, nikasema kwa Kijerumani changu bora: Bwana, nililolitafsiri kuwa hofu si hofu. Ni heshima. Ile heshima kuu kabisa, mtu aliyo nayo kanisani.

Akanisikiliza vizuri. Akasema, "Heshima? Mwenye heshima huja mbele, humtazama mkubwa wake machoni, humpa mkono. Anayekimbilia dirishani ana hofu. Ambrose, moyo wako ni mwema, lakini wanakudanganya."

Hajawahi kuniita jina langu. Nikasema ndiyo, Bwana.

Aliko alikuwa anangoja chini ya dirisha. Aliona uso wangu, hakuuliza. Akaendelea kumwagilia mivinje, na mvua inanyesha.

Jumapili, 27 Januari

Naandika kwa penseli, nyuma ya karatasi ya nyimbo, hapahapa Promenade kwenye meza ya kahawa. Nina sababu ya kuandika, nitaifikia.

Tangu saa nane watu wamejaa kandokando ya ua. Askari sita. Sanduku la picha juu ya miguu yake mitatu. Mzee Nsajigwa kaketi benchini, kofia nyekundu, kanzu aliyopewa na boma. Jana Bwana alimnywesha dawa asije akakohoa.

Atuganile akatokea upande wa gati. Amejifunika nguo kichwa chote, Aliko anamwongoza mkono kama kipofu. Unasikia mivinje tu. Bwana akaingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi cha sanduku lake.

Mzee akasimama. Akavua kofia, akaiweka benchini taratibu, mahali pake. Akashuka ngazi. Moja, nyingine — akaingia majini na kanzu yake, mpaka kifuani. Akasimama huko, mgongo kwetu.

Bwana akatoa kichwa. "Anafanya nini? Mwambie atoke!"

Nikapaza sauti. Mzee akajibu bila kugeuka, na watu wote wakasikia:

"Mwambie Bwana natazama maji. Njia hii si ya kutazama maji?"

Nikatafsiri. Neno kwa neno, tena kwa raha, naikiri. Mtu mmoja nyuma ya ua akacheka, wakamfuata wengine, na hapo ndipo jambo lilipoharibika. Bwana anaweza kuvumilia mengi, kicheko hapana. Akaamuru Atuganile aketishwe benchini kando ya kofia, askari mmoja asimame naye. Aliko akapelekwa gatini, nimeona kiboko kimetolewa kwenye maji ya chumvi. Hakuna atakayeondoka mpaka mikono ishikane.

Mara stima ikalia. Wageni! Bwana akafunga kola, akachukua mwavuli. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama: akirudi na wageni anataka kumwona mzee juu ya benchi hili, pamoja na mkwe wake. Asipomwona, Aliko ataanza kupigwa papo hapo, wageni wakiwepo. Akaenda na askari watano.

Sasa tumebaki hivi. Mzee majini. Mkwe benchini, amejifunika, uso ameuelekeza kwenye mnyaa. Mimi mezani. Askari mmoja.

Mzee hawezi kutoka. Ngazi ni hizi tu, na juu ya ngazi yupo Atuganile. Akipanda atamwona. Huko kando ni matete, na tangu asubuhi kuna kitu kama gogo kwenye matete yale, nami sitaki kulitazama sana.

Wingu limefunika jua. Ameanza kukohoa. Safari hii si kikohozi cha kuiba. Maji yanamtikisa, anakohoa kikohozi cha kweli. Na kila akikohoa, Atuganile anainuka! Mwili wake umezoea: kikohozi kikisikika, pisha njia. Anainuka, askari anamsukuma chini kwa bega. Mzee anakohoa, mkwe anainuka, anasukumwa. Ameshika tumbo kwa mikono miwili. Siwezi kuendelea kutazama, na hakuna pengine pa kutazama.

Angetile amekuja nyuma ya ua. Simwoni, namsikia kupitia mnyaa. Anasema, "Karani! Nguo! Ikiwapo nguo kubwa kati yao atatoka. Nguo ikiwa katikati hakuna aliyemwona mwenzake." Nikasema haraka, kwa hiyo wanaweza kuketi benchi moja? Akafikiri. "Nguo ifike chini. Mikono wasipeane. Basi wataketi."

Nguo kubwa kutoka wapi? Watu wamevaa kaniki nyepesi, askari amevaa sare. Kanzu yangu ningeivua, haitoshi hata kuficha kofia.

Nguo ya meza. Ipo hapa, chini ya karatasi hii ninayoandikia. Nyeupe, ndefu, inafika mchangani pande zote. Juu yake vikombe vya Bwana vya udongo mwembamba, vilivyosafiri kutoka Ulaya vimefungwa ndani ya majani makavu, birika, sukari, keki ya Kaisari.

Bwana alisema anataka kumwona mzee juu ya benchi pamoja na mkwe. Atamwona.

Askari ananitazama. Ni Mmanyema, mtu wa amri, hajui kusoma. Kwake kila ninachoandika ni neno la Bwana. Ndiyo sababu naandika. Nikiacha penseli atauliza.

Ameuliza hata hivyo, maana nimeanza kutoa vikombe. Naviweka mchangani kimoja kimoja, mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. "Nani amesema?" Nikamjibu, "Bwana amesema. Shika pembe ile." Miaka yote hii ya ukalimani, sijawahi kutafsiri neno ambalo hakuna aliyelisema. Sauti yangu imetoka kama ya kila siku. Ameshika pembe.

Kofia nyeupe zinaonekana kwenye mivinje ya kwanza. Wageni wanakuja polepole, wanawake wawili, Bwana anawaonyesha ndege kwa ncha ya mwavuli.

Nimemwita mzee kwa sauti, nimemwambia akae tayari, asigeuke mpaka nimwambie. Amenyoosha mkono juu, ameelewa. Atuganile ameacha kuinuka, anasikiliza.

Keki imetoka. Sukari imetoka. Bado birika, na ni la moto.